Umbo la mabawa na utulivu wa ndege angani

Anayesubiri safari katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ataona kwamba mabawa ya Cessna Caravan yamefungwa juu ya kiwiliwili, ilhali yale ya Boeing zinazotua Jomo Kenyatta hutokea chini na kuinuka kidogo kuelekea nchani. Tofauti hiyo si ya urembo.

Upepo ukiilaza ndege upande mmoja, huanza kuteleza kuelekea huko. Mabawa yakiwa yameinuka nchani, lile la chini hukabili hewa kwa pembe kubwa kuliko mwenzake, likapata nguvu zaidi ya kuinuka, na ndege ikajirudi yenyewe. Bawa lililofungwa juu hutenda vivyo hivyo, kwani hewa inayopigwa kando ya kiwiliwili hupanda na kulisukuma kutoka chini. Wengi hudhani ni uzito wa kiwiliwili unaoning'inia kama timazi, sivyo.

Ndugu wawili Wright wa Marekani walishika njia tofauti. Ndege waliyoirusha Desemba 17, 1903 ilikuwa na mabawa yaliyoinama nchani, nayo ilikuwa ngumu mno kuidhibiti. Safari ndefu zaidi siku hiyo ilidumu sekunde 59.

Ndege za jeti zina jambo jingine. Mabawa yake huelekezwa nyuma, kwa nyuzi 37.5 katika Boeing 747, ili ziweze kukaribia kasi ya sauti bila kutatizwa na hewa. Mwelekeo huo nao huongeza uwezo wa kujirudi, lakini ukizidi huleta balaa: pua huyumba kushoto na kulia huku mabawa yakipishana kupanda na kushuka, mfano wa mlevi. Bapa la wima la mkiani, pamoja na kifaa kinachousogeza usukani wake kidogo kidogo, ndivyo huutuliza mwendo huo.

Agosti 12, 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines ilipoteza sehemu kubwa ya bapa hilo baada ya ukuta wa nyuma wa kabati, uliokuwa umekarabatiwa vibaya miaka saba awali, kupasuka. Mfumo wa haidroliki pia uliharibika. Kwa zaidi ya nusu saa marubani walipambana na yumbayumba hiyo kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini, hadi ndege ilipogonga mlima. Watu 520 walifariki; wanne waliokolewa.