Saa Nane ya Usiku na Saa Nane za Usingizi



Juma hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Dominika moja ya Kwaresima, katika Misa ya kwanza, tulikatiza homilia yetu ili kumkemea mzee mmoja aliyekuwa amelala kwenye benchi la tatu, kichwa kimeegemea nguzo. Waamini walicheka. Mzee akaamka kwa fedheha, akajipangusa uso, akaketi wima hadi mwisho wa Misa. Tulipokuwa tukivua mavazi ya ibada, mhudumu wa sakristia alitusogelea akasema kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, yule mzee ni mlinzi. Hutoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi, akaja moja kwa moja kanisani kwa miguu."

Jioni ile tulimfuata nyumbani kwake. "Shikamoo mzee," tulianza, kisha tukamwomba radhi. Alitupokea kwa moyo mweupe, akatuwekea kiti, akasema: "Padre, mimi sikuja kanisani kulala. Ila nikikaa tu mahali penye utulivu, usingizi unanichukua." Chumba chake kiko kando ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mchana pale hapalaliki. Tulirudi parokiani tukimkumbuka nabii Eliya, aliyelala chini ya mretemu akiwa amechoka hadi kutamani kufa. Malaika alimwamsha mara ya kwanza ili ale, akamwacha alale tena. Hakumkemea.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza swali ambalo seminarini halikutufundishwa: mtu mzima anahitaji usingizi kiasi gani, na kwa kweli anapata kiasi gani? Tumepekua vitabu, nasi tumeona kwamba swali hilo lina historia ndefu kuliko tulivyodhani.

Jibu la wataalamu wa siku hizi ni fupi. Mwaka 2015 taasisi ya Marekani iitwayo National Sleep Foundation ilipendekeza saa 7 hadi 9 kwa mtu wa miaka 18 hadi 64, na saa 7 hadi 8 kwa mwenye miaka 65 na zaidi. Mwaka huohuo vyama viwili vya madaktari na watafiti wa usingizi wa nchi hiyo vilikubaliana kwamba mtu mzima asipungukiwe na saa 7. Mwaka uliofuata idara ya afya ya Marekani ilitangaza kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa nchi ile hawafikii kiwango hicho. Hayo ni maneno ya nchi yenye umeme usiokatika na vitanda vizuri.

Lakini wengi wetu, tukiulizwa ghafla, tungejibu "saa nane" bila kusita. Namba hiyo imetoka wapi?

Turudi nyuma karibu miaka 1500. Mtakatifu Benedikto, aliyeanzisha monasteri ya Monte Cassino nchini Italia yapata mwaka 529, aliandika Kanuni yenye sura 73. Sura ya nane inahusu sala za usiku. Humo ameagiza kwamba tangu tarehe 1 Novemba hadi Pasaka wamonaki waamke katika saa ya nane ya usiku. Wafasiri wa Ulaya hulazimika kuweka maelezo marefu hapo, kwa sababu kwao saa nane ya usiku haieleweki. Sisi hatuhitaji maelezo. Warumi wa kale walihesabu saa za usiku tangu jua kuchwa, kama tunavyohesabu Waswahili hadi leo, na saa nane ya usiku ya Benedikto inakaribiana sana na saa nane yetu ya usiku. Tofauti ni kwamba saa zao zilirefuka na kufupika kwa majira, kwa kuwa usiku wa Italia wakati wa baridi ni mrefu sana. Kwetu, karibu na ikweta, usiku ni uleule mwaka mzima, au karibu uleule.

Benedikto anatoa pia sababu ya agizo lake, na sababu hiyo ndiyo iliyotugusa. Anataka ndugu wapumzike hadi kupita kidogo usiku wa manane, ili waamke chakula kikiwa kimekwisha kusagika tumboni. Tukikadiria kwamba walilala mara baada ya giza kuingia na sala ya mwisho kumalizika, walipata saa saba hadi nane za usingizi kabla ya kengele. Mtu aliyewaamsha wenzake usiku wa manane kwa ajili ya zaburi alikuwa kwanza amewahesabia usingizi wao.

Majira ya joto, usiku unapofupika, anafanya nini? Idadi ya zaburi haipunguzi, lakini masomo marefu ya kitabuni anayaondoa, linabaki somo moja fupi la kusemwa kwa kichwa. Tena katika sura ya 48 anawaruhusu ndugu kujinyoosha vitandani kimya baada ya chakula cha mchana, na anayependa kusoma asome bila kumsumbua mwenzake. Katika sura ya 22 anapanga jinsi ya kulala: kila mmoja na kitanda chake, taa iwake hadi asubuhi, walale na nguo na mishipi yao, ila visu waviweke kando wasije wakajiumiza usingizini. Wakiamka, watiane moyo kwa upole, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio. Na katika sura ya 43 anaagiza zaburi ya mwanzoni mwa sala ya usiku isemwe polepole, ili wanaochelewa wawahi kuingia.

Tukiwa seminarini, kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, na kila aliyesinzia kanisani alisimuliwa habari za watakatifu waliolala saa mbili au tatu tu. Kanuni ya Benedikto tuliisoma pia, lakini hatukumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuonyesha zile sura za usingizi. Na Wabenediktini tumekuwa nao katika nchi hii tangu mwaka 1888, walipofika Pugu, kisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906!

Sasa tuwaache wamonaki, twende kwa watu wa kawaida. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Marekani, Roger Ekirch, alichapisha makala iliyowashangaza wengi. Alikuwa amekusanya kutoka katika kumbukumbu za mahakama, shajara, vitabu vya tiba na vya sala mamia ya dondoo zinazotaja "usingizi wa kwanza" na "usingizi wa pili". Kwa maelezo yake, watu wa Ulaya ya zamani walilala mapema, wakaamka katikati ya usiku kwa muda wa saa moja hivi au zaidi, wakachochea moto, wakasali, wakazungumza na wenzi wao, kisha wakalala tena hadi alfajiri. Walioandika hawakujisumbua kueleza, kwa kuwa kila msomaji alijua. Mapema zaidi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, daktari Thomas Wehr wa Marekani aliwaweka watu wachache katika giza la saa 14 kila siku kwa muda wa majuma manne. Usingizi wao uligawanyika sehemu mbili, na jumla yake ikawa yapata saa nane.

Wazee wengi wa parokia hii huungama kwamba huamka saa nane ya usiku na kuhangaika, wakidhani ni ugonjwa au ni majaribu. Tunawaomba wasiogope upesi. Lakini pia tusiharakishe kusema kwamba ndivyo wanadamu wote walivyolala, maana tutaona hapa chini ushahidi mwingine.

Kilichobadili usiku wa Ulaya ni taa na kiwanda. Barabara ya Pall Mall jijini London iliwashwa taa za gesi mwaka 1807, na mwaka 1879 Thomas Edison alionyesha taa yake ya umeme. (Edison mwenyewe aliuona usingizi kuwa upotevu wa wakati, ingawa alikuwa hodari wa kujiibia usingizi mchana.) Kiwanda kilidai watu saa 12, 13, hata 14 kwa siku, watoto wakiwamo. Ndipo Robert Owen, mwenye kiwanda cha pamba huko New Lanark, Uskoti, alipopendekeza mwaka 1817 siku igawanywe sehemu tatu zilizo sawa: saa nane za kazi, saa nane za mambo ya mtu binafsi, na saa nane za mapumziko. Waashi wa mawe wa Melbourne, Australia, waliigomea siku ndefu na kuzipata saa nane zao mwaka 1856. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kwa dai hilohilo, na siku chache baadaye damu ilimwagika Chicago. Mei Mosi tunayoiadhimisha ina asili yake hapo.

Kwa hiyo zile saa nane tulizozizoea hazikutoka kwanza hospitalini. Zilitoka kwa watu waliochoka, waliogawanya 24 kwa tatu ili mwajiri asichukue zaidi ya sehemu yake.

Kanisa nalo halikunyamaza. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Hakutaja namba. Alifundisha kwamba kazi ya siku isizidi nguvu za mtu, na kwamba mapumziko yapimwe kwa aina ya kazi, wakati, mahali, na afya ya mfanyakazi. Aliwataja wachimba mawe na makaa ya mawe, akasema kazi iliyo nzito na yenye kudhuru afya ifidiwe kwa kufupishwa saa zake. Mwaka 1919, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa juma viwandani.

Tumeahidi ushahidi mwingine, nao umetoka nchini mwetu. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California walitoa matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu 94 walivishwa vifaa vya mkononi vinavyoandika mwendo wa mwili. Ilionekana kwamba hawakulala jua lilipozama, bali zaidi ya saa tatu baadaye. Kwamba kwa kawaida hawakuamka katikati ya usiku kwa muda mrefu. Na kwamba walilala kwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 tu. Hata hivyo hawakulalamikia kukosa usingizi.

Je, basi madaktari wanatudanganya? Hapana. Saa zile ni za usingizi wenyewe, dakika za kugeukageuka zikiwa zimekwisha kutolewa. Muda waliokaa malaloni, tangu kulala hadi kuamka, ulikuwa saa 6.9 hadi 8.5. Ushauri wa saa saba na zaidi umetegemea sana tafiti ambamo watu waliulizwa wanalala saa ngapi, na mtu akiulizwa huhesabu tangu alipopanda kitandani. Kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana.

Utafiti wa pili kwa Wahadzabe, uliotolewa mwaka 2017, ndio hasa uliotufanya tuandike. Watu wazima 33 wa kambi moja walipimwa kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 za usiku zilizochunguzwa, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wakati wowote mwingine kulikuwa na angalau mmoja aliye macho, au aliyesinzia kidogo tu: kijana aliyechelewa kulala, mzee aliyewahi kuamka, mwingine aliyetoka nje kidogo. Hawakumpangia mtu zamu. Kambi ilikuwa na mlinzi usiku kucha, na hakuna aliyekesha.

Sisi wa mijini tumempa mtu mmoja kazi hiyo yote. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka mwaka 2007, na tena mwaka 2019, kwamba kazi ya usiku huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma. Mzee wetu wa benchi la tatu hukaa lindoni saa 12 kwa usiku, siku sita: jumla saa 72.

Kabla hatujamnyoshea kidole mwajiri wake, tulifungua daftari la parokia. Mlinzi wetu sisi, anayelinda kanisa, nyumba ya mapadre na ghala la Caritas, huingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa juma, kwa mkataba tuliotia sahihi kwa mkono wetu wenyewe. Kuajiri mlinzi wa pili, ili wagawane usiku, kutaigharimu parokia mshahara mwingine kamili, na mfuko wa ulinzi mwaka huu tayari una upungufu. Mweka hazina ametuambia hivyo waziwazi, naye anasema kweli. Hata hivyo tumeliweka jambo hili kuwa la kwanza katika ajenda za kikao cha Halmashauri ya Walei, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Wenyeviti wa jumuiya waje na maoni ya wanajumuiya wao, na mlinzi wetu naye tumemwalika aseme. Kikao kingefanyika saa mbili, kama desturi, lakini saa mbili atakuwa amelala.