Nyuzi 37, nyuzi 45: historia ya mpira uliosukwa kwa chuma

Leo tuache programu kidogo, tuingie chini ya gari.

Mwaka jana nilikuwa na mjomba kwenye pikapu yake ya gia otomatiki, tumebeba viazi kutoka Naivasha. Tukipanda kutoka Mai Mahiu, injini ikanguruma lakini gari halisongi. Kuchungulia chini: oili nyekundu inatiririka. Mpira unaopeleka oili ya giaboksi kwenye rejeta ulikuwa umechomoka pale ulipobanwa kwenye bomba la chuma. Mjomba alizima injini papo hapo, na hilo ndilo lililookoa giaboksi. Fundi akatushauri tufunge mpira uliosukwa kwa nyuzi za chuma. Mimi nikaanza kujiuliza: kitu hiki kilitoka wapi?

Kwanza, kwa nini oili ipozwe? Mwaka 1905 mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, alipata hataza ya kupitisha nguvu kwa kutumia kimiminika. Yeye alifikiria meli. Chukua feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: injini inazungusha ya kwanza, oili inasukuma ya pili. General Motors ililitumia wazo hilo kwenye Hydra-Matic, gia otomatiki iliyokuja na Oldsmobile za mwaka 1940. Wakati wa vita gia hizo ziliendesha hata vifaru vya M5 Stuart. Mwaka 1948 Buick ikaleta Dynaflow yenye konveta. Raha yake ni kwamba hukanyagi klachi. Karaha yake ni kwamba feni zikipishana mwendo, nguvu inayopotea inageuka joto, hasa mlimani na mzigo. Ndiyo maana oili hutolewa nje ikapoe, kisha ikarudi.

Mpira wenyewe una damu ya ndege. Ndege za Vita Kuu ya Pili zilitaka mipira ya kuvumilia mtetemo, joto na mafuta. Jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani yakakubaliana kuhusu viungo vya aina moja, vikaitwa AN, yaani Army na Navy. Namba yake huhesabu sehemu za 16 za inchi: AN-6 ni bomba la 3/8, AN-8 ni la nusu inchi. Mdomo wake una pembe ya nyuzi 37. Baada ya vita, mwaka 1945, vifaa vya ziada viliuzwa, na vijana wa magari ya mbio huko California wakavichangamkia. Teflon, aliyoigundua Roy Plunkett wa DuPont tarehe 6 Aprili 1938, baadaye ikawa bitana ya ndani ya mipira mingi ya namna hii.

Jamani, msidanganywe na mng'aro. Nyuzi za chuma hazizuii oili. Kazi hiyo ni ya bitana. Nyuzi huzuia mpira usivimbe na usichubuke. Bitana ya mpira wa kawaida inaweza kuzeeka ndani huku nje kunameremeta. Tena chuma hicho kikigusa nyaya, hukata kama msumeno.

Sisi tulifunga, nati ikaingia vizuri, ikakaza. Kesho yake, matone mekundu sakafuni. Tukakaza tena, bado. Kumbe fundi aliunganisha kiungo cha shaba cha mafriji, chenye nyuzi 45, na nati ya nyuzi 37. Kwenye nusu inchi, hesi za aina zote mbili ni sawasawa: 3/4, meno 16 kwa inchi. Zinashikana kabisa, lakini midomo haikutani. Kiungo cha shilingi chache nusura kituue giaboksi mara ya pili.

Sisi wa kompyuta tunaijua hali hii: programu mbili zinaunganishwa, hakuna kosa linaloonekana, kumbe kila moja inaelewa data kivyake. Viwango viliandikwa na watu waliokuwa na shida zao: hawa ndege, wale mafriji. Kabla ya kukaza, uliza kiungo kilizaliwa wapi.

Mjomba sasa anapima pembe kwanza. Haya, tuonane tena.