Mwanajiografia na Bandari Mbili za Mvita

Miongoni mwa wanazuoni wa ughaibuni walioishughulikia Mombasa, Harm de Blij ana daraja yake, kwani yeye hakuijia kutafuta tarehe za vita vya Wareno na Waomani, bali aliijia kama mwanajiografia, akitaka kujua ni kwa nini mji umekaa pale ulipokaa, na riziki za watu wake hutoka wapi. Alizaliwa Schiedam, Uholanzi, mwaka 1935, akapata shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na ya uzamivu Northwestern, Marekani, mwaka 1959. Na alipokuwa mwalimu Michigan State alitoa utafiti wake juu ya Dar es Salaam mwaka 1963, kisha, mwaka 1968, kitabu kizima juu ya Mombasa, ambacho katika anwani yake aliuita mji wa Kiafrika.

Na kwa hakika kisiwa cha Mombasa, au Mvita kwa jina lake la kale, ni darsa kwa mwanajiografia. Upande wa mashariki, jirani na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuja na kaskazi yakarejea na kusi, na kwa misimu hiyo wakaishi manahodha, madalali, wachukuzi na mafundi wa vyombo. Upande wa magharibi iko Kilindini, ambayo jina lake lenyewe lakhubiri kina cha maji yake. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na gati za meli kubwa zilipofunguliwa mwaka 1926, tijara iligeuza uso, na Mji wa Kale, pasipo kuhama hata hatua moja, ukajikuta pembezoni.

Wafanyakazi waliovutwa na gati hizo aghalabu walipata maskani katika mtaa wa Majengo, katika utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo kiwanja ni milki ya huyu, nyumba ni ya yule, na mpangaji hulipia chumba tu. Na makazi hayo ya maskini yakaja kuchunguzwa kwa marefu na Richard Stren, mtaalamu wa siasa, katika kitabu chake cha mwaka 1978.

De Blij alifariki mwaka 2014. Katika mojawapo ya vitabu vyake aliwapinga waliodai kwamba dunia imekuwa tambarare, akashikilia kuwa mahali azaliwapo mtu pangali pakimfunga. Wa Mvita hahitaji safari kuupata ushahidi wa kauli hiyo, maana kutoka Kilindini hadi Bandari ya Kale ni mwendo wa miguu, na hata hivyo upande mmoja uliipata tijara na wa pili ukaachwa pembezoni. Vijana wetu wanaosoma jiografia na waishike kazi hii ya kuuchunguza mji wao kwa Kiswahili, wakianza na wazee waliokula jasho lao katika bandari ile, maadamu wangali hai.