Homa ya Nguruwe na Njia za Soko la Bukavu
Homa ya nguruwe ya Afrika iliingia katika vitabu vya tiba kupitia Kenya. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliifuatilia kwenye mashamba ya walowezi katika miaka ya 1910, na maelezo aliyochapisha mwaka 1921 bado yanasomwa: nguruwe wa kufugwa walikufa karibu wote, ilhali ngiri wa porini walibeba virusi hivyohivyo bila kuonekana wagonjwa. Dawa hakuipata; alichoshauri ni uzio wa kuwatenga nguruwe na ngiri. Tangu hapo ugonjwa huu umezoeleka kusimuliwa kama balaa la pori, na ukitajwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huongezewa lawama mbili: vita na ujinga wa wafugaji. Masimulizi hayo yanaacha kiini. Katika vilima vya Kabare na Walungu, vinavyoulisha mji, homa hii hufuata njia ya mauzo, na anayeifikisha sokoni ni mfugaji mwenye akili timamu asiye na wa kumfidia.

Kwa Wabashi, wenyeji wa vilima hivyo, ng'ombe ndiye aliyekuwa mali. Alitolewa mahari, tena aliingia katika kalinzi, malipo yaliyompa mtu haki ya kudumu juu ya ardhi ya mwami, yaani mtawala wa jadi. Vita vya 1996 na 1998 viliwaswaga ng'ombe wengi mno, na familia iliyopoteza kundi haikuweza kulijenga upya kwa mwaka mmoja wala miwili. Nguruwe aliziba sehemu ya pengo hilo. Mimba yake haifiki miezi minne, huzaa wengi kwa mara moja, na hukua kwa majani ya viazi vitamu, machicha ya pombe na mabaki ya jikoni. Karo ikidaiwa, anauzwa. Sasa mtazame asubuhi anaposusa chakula. Mwili unachemka hadi nyuzi 41, masikio na ngozi ya tumbo vinaiva wekundu kisha vinageuka zambarau, na wenzake wanajilundika kwenye kona ya banda. Mwenye banda ana siku chache tu. Akiuza leo, ameokoa sehemu ya karo. Akitoa taarifa, atazuiwa kuuza, au nguruwe watauawa na kuzikwa, naye asipate hata franka moja.

Wapo wanaosema dawa ni elimu. Lakini mauzo hayo ya haraka yenyewe yanaonyesha kwamba mfugaji anaitambua homa mapema, asiyejua angesubiri. Na anayenunua naye anajua kwamba virusi hivi havimdhuru binadamu, jambo ambalo ni kweli. Hatari ya mlaji ni nyingine, ni tegu, ambaye mayai yake mtu akiyameza huweza kumpeleka funza hadi kwenye ubongo na kumletea kifafa. Dhidi ya hilo wanunuzi wa Afrika Mashariki wana kipimo cha zamani: nguruwe analazwa, kijiti kinapitishwa kati ya taya, ulimi unavutwa kwa kitambaa, na vidole vinapapasa chini yake kutafuta vijivimbe mithili ya punje za mchele. Kipimo hicho huwapitisha wengi wenye maambukizi machache, lakini kinaonyesha wazi ukaguzi wetu unauliza nini: je, nyama hii itamdhuru mlaji? Homa inadai swali jingine: nguruwe huyu alilala wapi wiki iliyopita, na mifupa yake itatupwa wapi? Virusi huishi miezi ndani ya nyama mbichi na hata iliyotiwa chumvi. Mabaki ya mgahawa wa mtaa wa Kadutu mjini yakirudi kama chakula bandani katika mtaa wa Bagira, ugonjwa umepanda mlima bila ngiri hata mmoja. Lisbon iliupata vivyo hivyo mwaka 1957, kwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege.

Kwamba vita vilivunja huduma za mifugo, sina ubishi. Ila mauzo ya hofu yameonekana pia Uganda na magharibi mwa Kenya, penye amani na maofisa wa mifugo. Na mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Bukavu, walipotangaza kwamba nguruwe wagonjwa wa Kivu Kusini wana virusi vya aina ya X, walikuwa wakitaja aina iliyokwisha kujulikana Burundi, Tanzania na Kenya, yaani ugonjwa wa ukanda mzima. Kuhusu pori, Hispania inatoa jibu. Ilikaa na homa hii tangu 1960, ikiwa na papasi wanaoihifadhi kwenye mabanda ya kusini-magharibi, na bado iliimaliza mwaka 1995, baada ya mpango wa 1985 uliopeleka timu za madaktari mashambani na kuwalipa wenye nguruwe waliouawa.

Chanjo iliyoidhinishwa Vietnam mwaka 2022 imetokana na virusi vya aina ya II, kwa hiyo Kivu haiwezi kuitegemea. Hazina ya Hispania nayo haipo hapa, na tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, serikali iko mbali zaidi. Fidia basi ianzie padogo, ndani ya likelemba, yaani vikundi vya kuchangiana, za wafugaji wenyewe: anayekuwa wa kwanza kilimani kusema kwamba nguruwe wake anaugua, akamzika badala ya kumuuza, apewe na wenzake jike mchanga mzima pindi banda likishasafishwa na kukaa tupu. Jike mmoja ni gharama ndogo kwao kuliko mabanda yote ya kilima.