Ahadi ya Ulinzi: Khuzaa na Srebrenica

Katika Sulhu ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, kabila la Khuzaa liliingia katika ahadi ya Mtume (s.a.w.). Banu Bakr, wakisaidiwa na Makuraishi, waliwashambulia usiku. Abu Sufyan akaja Madina kutaka mkataba uthibitishwe upya, wala Mtume hakumjibu. Maandalizi yalifanywa kwa siri, na Ramadhani ya mwaka wa 8 jeshi la watu wapatao 10,000 likaingia Makka.

Tarehe 16 Aprili 1993, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani na kutangaza Srebrenica, Bosnia, kuwa eneo salama. Julai 1995 mji ulitekwa mbele ya askari wake. Waislamu zaidi ya 8,000 wakauawa.

Aliyeahidi ulinzi hudaiwa kulinda. Kulaani hakumwondolei deni.