Hema ya Msafiri: Nani Alilala Ndani, Nani Alilala Nje?



 

Ndugu msomaji, vijana watatu wa madrasa yetu hapa Mashewa walinijia siku moja baada ya sala ya Alasiri. Walikuwa wamechanga fedha za kununua hema, kwani wanakusudia kuwachukua wanafunzi hadi Pangani wakati wa likizo, walale siku mbili ufukweni, wasome, waogelee, kisha warudi. Wakaniuliza, "Maalim, tununue hema ya namna gani?" Nikawaambia, "Wanangu, nipeni muda niwajibu kwa maandishi." Swali lao ni fupi, lakini hema ina historia ndefu, na katika historia hiyo mna mambo ya kuigwa na mna mambo ya kutuonesha haya. Basi jibu lao nimeona nikupe na wewe, kwani pengine nawe una watoto wanaokwenda safari kama hizo.

Neno lenyewe hema tumelipata kwa Waarabu, ambao husema khaima. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anatukumbusha neema ya nyumba, kisha anataja nyumba zifanywazo kwa ngozi za wanyama, ambazo mtu huziona nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Tazama, ndugu yangu, jinsi hema ilivyohesabiwa pamoja na nyumba. Ni makazi ya mja, na yana haki zake.

Mtume wetu (S.A.W.) alilala katika hema. Masahaba wamepokea kwamba alionekana Makka, mahali paitwapo Abtah, katika hema nyekundu ya ngozi. Katika Hija yake ya kuaga alipigiwa hema ya manyoya huko Namira, karibu na Arafa, akakaa humo mpaka jua lilipopinduka. Na katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipojeruhiwa kwa mshale, Mtume aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti wa Madina ili awe karibu naye na amzuru. Hema ile ilikuwa ya mgonjwa. Hilo liweke moyoni, tutalirudia.

Tena alitufundisha namna ya kutua. Alikataza msafiri kulala juu ya njia, kwani usiku njia ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Alikataza kuacha moto ukiwaka watu wanapolala. Na palikuwa na wakati masahaba wakitua hutawanyika mabondeni, kila mmoja na upande wake. Mtume akawaambia kuwa kutawanyika kule kwatokana na shetani. Tangu siku hiyo walitua wakikaribiana hata ikasemwa kuwa lau wangefunikwa kwa nguo moja ingewatosha.

Sasa tuje kwetu.

Sisi tulio chini ya milima ya Usambara tuko kando ya njia kuu ya zamani. Misafara iliyotoka Pangani ilipanda na bonde la mto huo, ambao huku bara huitwa Ruvu, ikapita chini ya milima yetu, ikaenda Mazinde, Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alifika Vugha kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, na mwezi wa Februari mwaka 1857 wakapita Burton na Speke, wakitokea Pangani kwenda huko huko. Lakini hao ni wageni wachache walioandika vitabu. Waliokanyaga njia ile miaka yote ni watu wa pwani na wa bara, maelfu kwa maelfu, na majina yao hayakuandikwa.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake. Kirangozi alitangulia, wapagazi wakafuata na mizigo, kila mmoja ratili 60 hata 70 kichwani au begani, na wanyapara wakawasimamia. Wakifika mahali pa kulala, huita kambi. Tajiri wa msafara hupigiwa hema, na mara nyingi ilishonwa kwa merikani, yaani ile nguo ya pamba iliyoletwa na marikebu za Wamarekani, ambayo bara ilikuwa sawa na fedha. Ama wapagazi, wao walikata matawi na majani, wakajijengea vibanda vya usiku mmoja, na penye hatari wakazungusha boma la miiba. Vibanda hivyo huachwa, na msafara mwingine ukija huvikuta, pamoja na kupe, papasi na uchafu wa waliotangulia.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye haya niliyoitaja. Mvua ikinyesha usiku, nani alilowa? Yule aliyeibeba hema mchana kutwa hakulala ndani yake. Na katika misafara iliyorudi pwani walikuwamo watu waliofungwa minyororo, ambao hata kibanda cha majani hawakujaliwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922. Miongoni mwa wenye misafara walikuwamo waliosali sala tano na kufunga Ramadhani. Wengine huona kuwa kuyasema haya ni kuwavunjia heshima wazee wetu. Mimi naona kuyanyamazia ni kuwavunjia heshima wazee wetu wengine, waliobeba. Katika nyumba zetu za pwani na za huku Bondei na Uzigua damu za makundi yote mawili zimechanganyika, na wengi wetu tu wajukuu wa aliyelala ndani na wa aliyelala nje.

Njia ile ilikwisha kwa reli. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893 Dakta Hindorf alileta mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo yakaenea mashamba ya mkonge ya Tanga na Korogwe. Mpagazi akageuka manamba, na badala ya kubeba hema akakata mkonge uliosokotwa kuwa kamba.

Baada ya historia hiyo ya wengine, yanipasa nieleze na yangu, nisije nikawa wa kuhukumu wafu tu.

Mwaka 1997, tarehe 15 Aprili, siku ya 8 ya Mfunguo Tatu, moto uliwaka katika hema za mahujaji huko Mina. Hema zilikuwa za pamba, zimebanana, upepo ulikuwa mkali, na watu walikuwa wakipika kwa mitungi ya gesi. Zaidi ya mahujaji 340 walikufa na watu kiasi cha 1,500 walijeruhiwa. Hema zilizoteketea zilihesabiwa kuwa kama 70,000. Baada ya msiba huo serikali ya Saudia iliondoa hema za pamba, ikajenga za kudumu za nyuzi za kioo zisizoshika moto upesi, zenye mabomba ya kunyunyiza maji, na kupika kwa gesi ndani yake kukakatazwa. Habari ile niliihutubia msikitini kwa uchungu. Nikawaambia watu kwamba kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kujihadhari.

Haikupita miezi minane nikasahau hutuba yangu mwenyewe. Ilikuwa vuli ya mwaka ule ule, ile vuli ya El Niño, mwezi wa Rajabu. Tulikuwa tukirudi kwa miguu kutoka kijiji cha jirani tulikosoma Miraji, mimi, wageni wawili na wanafunzi 14. Giza likatukuta njiani. Nikaona korongo kavu, mchanga wake laini, kingo zake zimezuia upepo, nikasema hapa patatufaa. Bibi mmoja aliyekuwa amejitwika kuni alisimama akatutazama, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni njia ya maji." Nikamjibu kwa adabu ya ulimi lakini kwa kiburi cha moyo, "Bibi, mbingu ni nyeupe." Akaenda zake.

Tulitandaza turubai letu moja. Wageni nami tukalala katikati, watoto pembezoni. Mbingu ya kwetu ilibaki nyeupe kweli, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani. Kabla ya alfajiri mtoto mmoja aliyeamka kwa haja yake alisikia mngurumo, akapiga kelele. Tuliwavuta watoto juu ya ukingo tukiwashika mikono na kanzu. Maji yalichukua turubai, sufuria na juzuu zote za watoto. Mvulana mmoja alivunjika mkono. Hakufa mtu, alhamdulillahi.

Asubuhi baba wa yule mvulana hakunilaumu. Aliniuliza jambo moja tu: "Maalim, mwanangu alilala upande gani?" Nikamwambia upande wa kwenye maji. Akanyamaza. Swali lile mpaka leo naliona ni zito kuliko lawama, kwani mimi niliyewafundisha kuwa mkubwa wa watu ni mtumishi wao, nililala palipo pakavu kama tajiri wa msafara.

Basi vijana wangu, na wewe ndugu msomaji, jibu la swali ni hili.

Kwanza chagueni mahali, kisha hema. Msilale katika korongo, hata likiwa kavu mwaka mzima, wala juu ya njia, wala chini ya mnazi, kwani nazi haina taarifa. Ulizeni wenyeji, na mkiambiwa neno na mzee msikilizeni. Ufukweni tazameni mstari wa mwani na takataka ulioachwa na bahari, kisha pandeni juu yake kwa hatua nyingi. Na hapa Muislamu ahesabuye tarehe za mwezi ana faida: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni siku za bamvua, na katika pwani yetu bamvua hujaa karibu na saa kumi, alasiri na tena kabla ya alfajiri, wakati watoto wamelala fofofo. Mstari mliouona siku za maji mafu utawadanganya.

Pili, jueni upepo. Wakati wa kaskazi upepo hutoka kaskazini mashariki, na wakati wa kusi hutoka kusini. Mlango wa hema uupeni mgongo upepo, lakini acheni matundu ya kupitisha hewa yenye wavu wa mbu. Hema za nailoni ni nyepesi na hukauka upesi, ila zikifungwa kabisa pumzi za watu hugeuka maji ndani. Turubai la pamba ni zito na hupumua, ila likilowa msiliguse kwa ndani, litavuja. Mkitumia kamba za mkonge zilegezeni kidogo kabla ya kulala, kwani zikilowa hufupika, na zitang'oa mambo.

Tatu, moto ukae mbali. Koroboi, mshumaa na jiko la mkaa visiingie hemani kamwe. Jiko la mkaa lisilotoa hata moshi hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu usingizini. Hema ziwe karibu kiasi cha kusikiana sauti, kama walivyokaribiana masahaba, lakini nguo zisigusane, kwa sababu ya yaliyopita Mina. Wavulana na wasichana wawe na hema zao mbalimbali na wakubwa wao. Na mkitua msisahau dua ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, aliyotufundisha Mtume kwa ajili ya kila atuaye mahali.

Nne, nalo ndilo kubwa, hesabuni watu kabla hamjahesabu fedha. Kama hema mtakazonunua hazitawatosha wote, pamoja na mpishi na dereva na kijana atakayebeba mizigo, basi ama punguzeni safari ama nunueni hema za bei ndogo zitakazowaenea. Msinunue moja nzuri ya walimu na turubai bovu la watoto. Akiwapo mgonjwa, yeye ndiye wa kwanza kuingia, kama Saad alivyopigiwa hema msikitini. Na ikiwa lazima mtu alale pembezoni, alale mwalimu.

Ukiwaona vijana hao wakishuka Pangani, ndugu msomaji, wakaribishe na uwaoneshe bahari inapofika. Na siku mtakapotandika turubai nyumbani kwako, la arusi au la msiba, tazama nani umemkalisha kivulini na nani umemwacha juani akiosha masufuria.