Kupiga Mbizi na Papa Bila Kizimba: Mvutano Kati ya Hamasa na Uhifadhi

Kupiga mbizi karibu na papa bila kinga ya kizimba cha chuma kumeendelea kuzua mjadala miongoni mwa wapiga mbizi, wanasayansi na mamlaka za bahari. Swali kuu ni iwapo shughuli hiyo huwasaidia papa kwa kubadili mtazamo wa jamii, au huwaweka hatarini wao na binadamu.

Kwa utaratibu uliozoeleka, mgeni hukaa ndani ya kizimba kilichofungwa kwenye mashua, na mara nyingi papa huvutwa kwa chambo. Anayeingia majini bila kizimba hutegemea uzoefu wake wa kusoma mwenendo wa mnyama: kasi yake, mkao wa mapezi na namna anavyomkaribia mtu.

Mjadala huu ulivuta hisia za dunia mwezi Januari 2019, baada ya mzoga wa nyangumi kuonekana karibu na kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mpiga mbizi Ocean Ramsey alipigwa picha akiogelea kando ya papa mweupe jike aliyekadiriwa kuwa na urefu wa mita 6, huku akimgusa. Picha hizo zilisambaa haraka, na mamlaka za jimbo ziliwataka wananchi wakae mbali na eneo hilo.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono wanaeleza kuwa hofu iliyoenea baada ya filamu ya Jaws ya mwaka 1975 imewanyima papa huruma ya umma. Mwaka 2023 watu 10 walifariki duniani kote kutokana na mashambulizi ya papa yasiyochokozwa. Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa uvuvi huua papa wapatao milioni 100 kila mwaka. Kwa maoni yao, picha ya mtu na papa wakiogelea kwa utulivu hufikisha ujumbe huo kuliko takwimu.

Wanaopinga hawakanushi takwimu hizo. Wanachohofia ni watu wasio na ujuzi kuiga wanachokiona mitandaoni. Aidha, kumgusa papa anapojilisha ni kumsumbua wakati anapohitaji nishati, na ajali moja yaweza kufufua madai ya kuwaua papa, hivyo kubomoa uhifadhi uliokusudiwa kujengwa.

Sheria zinasemaje

Afrika Kusini ilianza kumlinda papa mweupe kisheria mwaka 1991, na mwaka 2004 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kudhibiti biashara yake ya kimataifa. Huko Hawaii, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inakataza kumkamata au kumuua papa kwa makusudi katika maji ya jimbo, isipokuwa kwa sababu maalumu.

Hata hivyo, kizimba peke yake si dhamana. Mwezi Januari 2023 Mexico ilipiga marufuku utalii wa papa weupe katika kisiwa cha Guadalupe, ambako vizimba vilikuwa vikitumika, kutokana na wasiwasi kuhusu mwenendo wa waendeshaji na athari kwa papa.

Funzo kwa maji yetu

Nchini Tanzania, wageni huogelea bila kizimba pamoja na papa potwe katika kisiwa cha Mafia. Potwe ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, hula viumbe wadogo wa majini na si tishio kwa binadamu, hivyo hali yake haifanani na ya papa mweupe. Lakini kanuni ya msingi ni moja: kutomgusa, kutomzibia njia na kutomzingira kwa mashua.

Mjadala wa kizimba usifunike tishio lililo kubwa zaidi. Idadi ya papa na taa wa bahari kuu ilipungua kwa asilimia 71 kati ya mwaka 1970 na 2018, sababu kuu ikiwa uvuvi uliopita kiasi. Jarife na mishipi mirefu huua papa wengi kuliko usumbufu wowote wa watalii. Kwa hiyo, utalii wa papa, uwe na kizimba au usiwe nacho, upimwe kwa mambo mawili: iwapo mnyama anaachwa aendelee na maisha yake, na iwapo mapato na hamasa inayopatikana vinapunguza idadi ya papa wanaoishia nyavuni.